Magodoro ya Kuangukia

Keti, msikilizaji wangu. Kama una kiti, keti kitini. Kama una mkeka, keti mkekani, ni bora zaidi, maana habari hii ni ya sakafuni. Nitakusimulia juu ya mtu aliyetufunza taekwondo huku Likoni kwa miaka mingi. Nitakwenda polepole, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kumharakisha mtu. Jina lake sitalitaja. Sisi tulimwita Mwalimu, wauza samaki wa njiani walimwita Mwalimu, na hata mkewe, chakula kikiwa tayari, alimwita kutoka jikoni, "Mwalimu, njoo ule." Alizaliwa wapi na kwa ukoo gani, sikumwuliza, naye hakusema.

Kama hujawahi kuiona taekwondo, usijali. Ni sanaa ya kupigana ya Wakorea, na sehemu yake kubwa ni ya miguu. Utawakuta watu wamevaa sare nyeupe pana, wamejifunga mikanda ya rangi kiunoni, wanarusha mateke hewani kwa pamoja na kupiga ukelele. Mkanda mweupe ni wa mgeni. Rangi hupanda kidogo kidogo mpaka nyeusi. Ukitazama kutoka nje utadhani wanafunzwa kupiga watu. Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini Mwalimu akiulizwa alijibu kwamba kupiga ni somo la baadaye, la kwanza ni kuanguka. Mtu asiyejua kuanguka, alisema, hawezi kurusha teke zuri, kwa kuwa akili yake yote iko kwenye mguu uliobaki chini.

Mdogo wangu Mutua alikuwa mwanafunzi wake. Nilimlea mimi, tangu tulipotoka Ukambani tukaja kukaa huku pwani, mimi nikapata kazi ya ofisini Changamwe na yeye akawa fundi wa kupiga plasta. Mwalimu alimfunza kuanguka mpaka wengine wakawa wanakuja kumtazama tu. Kisha Mutua akafa kwa kuanguka, kutoka kwenye jengo alilokuwa akifanyia kazi kule Kiembeni.

Basi hilo ndilo swali lililonipeleka kwa Mwalimu, na ndilo nililokaa nalo muda wote niliomjua: mtu akifunzwa jambo vizuri, na jambo hilo hilo likamwua, mafunzo yalikuwa ya nini? Nakuambia mapema ili usikae ukingoja siri. Siri hakuna.

Nilikwenda kumrudishia sare. Haikuwa lazima, ila sikujua jingine la kuifanyia. Niliifua kwanza. Kiunoni ilikuwa na duara la rangi ya manjano ambalo halikutoka kwa sabuni, wala kwa ndimu, wala kwa jua.

Nikueleze duara hilo lilitoka wapi, maana ndani yake utamwona Mwalimu alivyokuwa. Mikanda alishona mwenyewe kwa kitambaa cha marekani, kisha akaitia rangi nyumbani kwake katika sufuria ya mkewe. Ule wa manjano aliuchemsha kwa bizari ya manjano. Jambo moja halikumpitia akilini: rangi ya bizari haivumilii jasho. Mwanafunzi akiruka kidogo tu, rangi ya mkanda inahamia kwenye sare. Kila aliyewahi kuvaa mkanda wa manjano wa Mwalimu alibaki na alama ile, hata akipanda akafika mwekundu. Watoto wa mtaani walikuwa wakiwaona wanapita, wanawafananisha na viazi vya manjano vya kukaanga, wanaimba, "Viazi karai hao! Viazi karai moto!" Mwalimu alipoambiwa abadilishe rangi alikataa. "Waacheni," alisema. "Nani asiyependa viazi karai?" Akaendelea na bizari yake.

Chumba chake cha mafunzo kilikuwa darasa la chekechea kule Shika Adabu, aliloazimwa kila watoto walipokwenda nyumbani. Ukutani kulikuwa na picha za twiga na kenge, na viti vidogo vimepangwa pembeni. Siku ile nilimkuta anafagia. Alifagia mwenyewe siku zote, na ukimpokonya ufagio alikasirika.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu."

"Shikamoo."

"Marahaba. Keti, kama utatosha kwenye viti hivi."

Sikuketi. Nilimpa sare. Akaifunua, akaona lile duara la manjano, akanitazama usoni, akajua ni ya nani. Akaikunja tena.

"Mwalimu, ulimfunza kuanguka?"

"Nilimfunza."

"Alijua?"

"Alijua kuliko mimi."

"Basi mbona amekufa?"

Aliuegemeza ufagio ukutani. Nilitazamia aniambie ni kazi ya Mungu, kama walivyoniambia wote, nami nilikuwa na jibu la kumpa.

"Sijui," akasema. "Wallahi, mwanangu, sijui." Akanirudishia sare. Kisha akaniambia, "Vua viatu. Wenzako wanakuja."

Nikavua. Sikuwa na sababu ya kuvua wala ya kutovua. Wakati ule nilikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya kung'olewa jino: unajua taya ni lako, unaligusa, lakini ni kama la jirani. Nilizika bila machozi. Watu walinisifu kwamba nimepiga moyo konde. Sikuwa nimepiga chochote. Nilivaa sare ya Mutua, nikakunja mikono na miguu ya nguo iliyonizidi, nikapelekwa mwisho wa safu, kwenye nafasi ya mkanda mweupe. Mbele yangu alisimama msichana wa darasa la saba aitwaye Saumu, mkanda wa kijani. Aligeuka akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Anti, miguu pamoja, vidole havikutani," akasema.

Hivyo ndivyo nilivyoanza.

Katika mafunzo ya Wakorea watu husimama kwa mkanda, si kwa umri. Mtoto mwenye mkanda wa juu ni mkubwa wa mzee mwenye mkanda wa chini. Huku kwetu hilo lina ugumu wake. Mtoto atamwamuruje mtu anayempa shikamoo? Mwalimu alilikata neno hilo hivi: "Mlangoni umri, mkekani mkanda." Kwa hivyo Saumu alinikuta mlangoni, akaniamkia, "Shikamoo, Anti," akanibusu mkono kama alivyolelewa. Tukishapanda tu mkekani: "Anti, goti! Anti, umelala?" Tukimaliza, mlangoni tena: "Kwaheri, Anti, salimia nyumbani." Nyumbani hakukuwa na wa kusalimiwa, lakini hakujua, na sauti yake ilikuwa na adabu.

Jambo jingine lilikuwa la kuinama. Wakorea huinama wakiingia, humwinamia mwalimu, na humwinamia mwenzao kabla ya kumrushia teke. Mwanzoni Mwalimu alifunza hivyo hivyo. Mpaka siku moja Bi Mwanaisha, bibi yake Saumu, alipokuja akasimama mlangoni na buibui lake, asiingie wala asiondoke. Habari hiyo ilikuwa ya kabla yangu, lakini Likoni nzima yaijua.

"Mwalimu, mjukuu wangu amwinamia nani humu?"

"Amwinamia mwenziwe, Bibi. Ni adabu tu."

"Adabu ni mkono na ulimi. Kurukuu ni kwa Mola peke yake. Nawe wasali, wayajua haya."

Mwalimu alisali, ndiyo. Alifikiri mbele ya wanafunzi wote, kisha akaweka kiganja kifuani, akateremsha macho. "Na hivi, Bibi?"

"Hivyo haswa. Hivyo hata wazee wako walifanya."

Tangu siku hiyo darasa lake likawa la kuweka mkono kifuani. Wakaja wageni kutoka kisiwani, ng'ambo ya kivuko, kuwajaribu wanafunzi kwa ajili ya kupanda mikanda. Mmoja wao akanung'unika kwamba watoto hawa hawana heshima, hawainami. Mwalimu hakubishana. Aliwapanga wageni mlangoni, akawatoa wanafunzi wote nje, akawaambia waingie upya. Wakaingia mmoja mmoja, shikamoo, busu la mkono, shikamoo, busu la mkono, safu nzima kwa kila mgeni, mpaka wageni wakachoka kuitikia marahaba. "Heshima wanayo," Mwalimu akawaambia. "Ila sisi tunaiweka mkononi."

Usidhani alikuwa mtu wa kunyooka kama mstari. Alitukataza hasira, lakini mpira ukichezwa kwenye kibanda cha kahawa alimtukana refa mpaka watu wakahama viti. Aliweza kuvunja ubao kwa kisigino, na hata hivyo alizunguka barabara nzima asipite mbele ya nyumba yenye bata mzinga. Tulimcheka. "Yule hana kanuni," alisema. "Hujui ataanza na nini." Juu ya alikojifunzia taekwondo alikuwa na hadithi mbili. Katika moja, alifunzwa na fundi wa injini, Mkorea, ambaye meli yake ilikwama bandarini muda mrefu. Katika nyingine, alifunzwa na askari mmoja mstaafu katika ukumbi wa mjini. Mtu akimwambia hadithi haziafikiani, alijibu, "Zote mbili," akaendelea na chai yake ya tangawizi.

Siku moja vijana wawili walimpokonya simu njiani, mchana, akitoka kivukoni. Aliwapa. Kabla hajafika nyumbani habari ilikuwa imeshafika. Waendesha bodaboda wa pale kituoni walimngojea.

"Mwalimu! Mkanda mweusi sasa ni wa nini? Wa kufungia suruali?"

"Ndiyo," akawajibu bila kupunguza mwendo. "Wameondoka na simu. Suruali ninayo."

Darasani hatukucheka. Kijana mmoja mkubwa, mwenyeji wa Nairobi, alikuwa ameaibika kwa niaba yetu sote. "Lakini Mwalimu, ni wasee wawili tu. Ungewabonda."

"Walikuwa na kisu kipya. Simu yangu ilikuwa kuukuu."

"Sasa tunajifunza ya nini?"

Nilinyanyua kichwa. Lilikuwa swali langu, katika kinywa cha mwingine. Mwalimu alituambia tujipange, akaanza kuhesabu kwa Kikorea kuanzia moja, kama alivyohesabu kila siku.

"Hana!"

"Hana nini?" kijana akanong'ona.

"Hana adabu," Mwalimu akasema bila kugeuka. "Dul!"

Safu nzima ilicheka, na swali likapita.

Sehemu kubwa ya mazoezi, msikilizaji wangu, haifanyiki na mtu. Unasimama peke yako na kufuata njia iliyopangwa sakafuni: hatua mbele, zuia, piga, geuka, zuia, piga. Adui hayupo. Unamkinga asiyekuja na unamjibu asiyesema. Wageni huona haya kufanya hivyo mbele ya watu, hucheka, huharakisha. Mimi sikuona haya. Nyumbani nilikuwa nikipika ugali wa watu wawili. Nilipofika darasani nikaambiwa nisimame mbele ya mtu asiyekuwepo na nimheshimu, nilijua la kufanya. Mwalimu alinisifu kwa hilo mapema, nami nikapokea sifa hiyo kama nilivyopokea vingine vyote wakati ule, bila kuisikia ikiingia mahali.

Lakini kuanguka hakunifunza. Nilidhani zamu yake haijafika. Nikapata mkanda wa manjano, sare ikapata duara la pili juu ya lile la Mutua, na bado sikufunzwa. Pembeni mwa darasa kulikuwa na magodoro ya sponji yaliyoshonewa turubai la buluu, yamekunjwa na kuegemezwa ukutani chini ya picha ya twiga. Mwalimu alifagia kila mahali ila pale. Mzazi mmoja alipouliza ni ya nini, alisema, "Hayo yana kunguni."

Saumu ndiye aliyenieleza. Tulikuwa tumekaa tukimngoja Mwalimu arudi kutoka msikitini, alikokwenda kuswali alasiri.

"Hayana kunguni," akasema. "Zamani tulianza nayo kila siku. Tangu kaka Mutua afe hayajatandikwa."

Aliyatazama magodoro, akanitazama mimi, akainuka akafungua moja. Vumbi lilipanda.

"Njoo, Anti. Huwezi kupanda mkanda wa kijani hujui kuanguka, ni aibu. Keti. Kidevu kifuani, kama umebana embe. Sasa jiachie nyuma, na upige sakafu kabla haijakupiga. Kwa viganja. Toa pumzi! Usipotoa itakutoka yenyewe."

Nilianguka. Niliinuka. Alinionyesha tena, polepole, akiniwekea mkono kisogoni ili kichwa kisiguse.

"Nani alikufunza kufunza hivi?"

"Kaka Mutua. Mwalimu alimpa kazi ya kutufunza sisi wadogo." Akanigusa kidevu. "Ile ya embe ni yake."

Basi mdogo wangu alinifunza kuanguka kwa mkono wa mtoto wa watu. Ningetaka kukuambia kwamba nililia. Sikulia. Nilianguka tena.

Nilipoinua macho Mwalimu alikuwa mlangoni na kofia yake ya kuswalia. Alituona. Akarudi nyuma, akasimama nje kwenye jua mpaka tulipokwisha kulikunja godoro na kulirudisha. Kisha akaingia, akahesabu, "Hana," kama siku zote. Tangu hapo alikawia msikitini kidogo zaidi kila alasiri, nasi tuliutumia muda huo. Hakusema neno, nasi hatukusema. Alitupa nafasi ya kufanya lile ambalo yeye hakuliweza.

Miaka ilipita hivyo. Nikafika mkanda mwekundu. Saumu akavaa mweusi, akaingia kidato cha nne. Kisha kiharusi kikampiga Mwalimu, upande wa kushoto wote.

Mkewe alinipigia simu. "Mwanangu, hebu njoo umwone. Amekataa kushuka kitandani." Hospitali ilikuwa imemruhusu, na daktari wa viungo alikuwa amemwagiza mambo mawili: asimame kila siku, na ajifunze kuinuka kutoka chini. Asipofanya hivyo mguu utasahau kazi yake, na hautakumbushika tena. Mwalimu alisimama siku ya kwanza, akaanguka mlangoni mwa choo. Hakuumia. Lakini tangu hapo alikuwa amelala, anatazama dari, na kila mkewe alipomshika bega kumwinua aling'ang'ania kitanda kwa mkono wake mzima.

Mtu aliyetufunza kuanguka alikuwa anaogopa kuanguka. Nilikata simu nikakaa nalo hilo kidogo. Kisha nikamtafuta Saumu, tukaenda chekechea, tukayatoa magodoro chini ya twiga, tukayapakia kwenye tuktuk.

"Mnahama?" dereva akauliza.

"Tunampelekea mgonjwa."

"Mgonjwa gani huyo? Ana vitanda vingapi?"

"Kimoja," Saumu akasema. "Ndiyo shida yenyewe."

Tulimkuta Mwalimu amelala chali. Nusu ya uso wake ilitusalimia, nusu nyingine haikutusalimia. Nilimwamkia, nikaweka mkono kifuani. Saumu alimbusu mkono, ule wa kulia. Tukaanza kutandika magodoro sakafuni, kando ya kitanda, na viti tukavitoa nje.

"Ni nini hayo?" akauliza. Maneno yalitoka pembeni mwa mdomo, mazito.

"Magodoro."

"Yana kunguni."

"Mwalimu, hayajawahi kuwa na kunguni."

Aligeuzia ukuta uso wake. Mkewe alisimama mlangoni, mikono imekunjwa ndani ya leso. Nilikaa ukingoni mwa kitanda.

"Siku ile ulipokuja," akasema ukutani, "uliniuliza."

"Nilikuuliza."

"Nikakwambia sijui. Hata sasa sijui. Nilimwambia mdogo wako kwamba ajuaye kuanguka haumii. Nilimwambia kwa kinywa hiki. Kila siku. Naye akaniamini, akapanda kule juu." Alipumua. "Basi mafunzo yalikuwa ya nini?"

Hapo ndipo swali langu liliponirudia. Sikuwa nimetayarisha jibu. Nilikuwa nimezoea kuuliza tu. Nikamweleza niliyoyaona, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nayo.

Nilimwambia Mutua aliteleza ngazi za nyumba yetu akiwa na ndoo ya maji, akafika chini akainuka na nusu ya maji bado imo. Nilimwambia bodaboda ilimtupa karibu na kivuko, watu wakakusanyika kumwombolezea, naye akainuka akiuliza kiatu chake kiko wapi. Nilimwambia jinsi alivyokuwa akirudi nyumbani siku aliyonyimwa kazi: alijirusha kitandani kwa mgongo, akapiga godoro kwa viganja vyote viwili, pa, akainuka akasema, "Dada, kesho najaribu kwingine." Nilikuwa nikimgombeza kwa ile pa. Kitanda kilikuwa changu.

"Alianguka mara nyingi, Mwalimu. Hayo yote ulimfunza wewe, na yote aliinuka. Lile moja lilikuwa ghorofa ya nne. Ghorofa ya nne haina mwalimu." Nilishika mbao ya kitanda. "Na hiki kinafika gotini."

Nje watu walipita wakizungumza habari za maji yaliyokatika. Mwalimu akageuza uso.

"Mkanda wako ni rangi gani sasa?"

"Mwekundu."

"Na wangu?"

"Mweusi."

"Basi huwezi kuniamuru."

"Mwalimu," Saumu akadakia, "mkekani ndiyo mkanda. Hapo ulipo si mkekani. Shuka kwanza mkekani, ndipo utuamuru."

Mkewe aliangua kicheko, akafunika mdomo kwa leso. Nusu ya uso wa Mwalimu ikacheka pia. Akatunyoshea mkono wa kulia.

Tulimteremsha polepole, mimi kifuani, Saumu miguuni, mpaka akaketi juu ya godoro. Tulianza wanapoanzia wenye mikanda myeupe. Nilikaa kando yake. Nilitaka kumwambia kidevu, lakini kidevu chake kilikuwa kifuani tayari, kimebana embe lake.

"Hana," akasema mwenyewe.

Tukajiachia nyuma pamoja. Viganja vyangu vilipiga, kiganja chake kimoja kikapiga, na mkono wake wa kushoto ukabaki tumboni kama umesahauliwa na mtu mwingine. Tukalala tukitazama dari.

"Upande huu sisikii kitu," akasema. "Kama sindano ya jino."

"Naijua," nikasema.

Alinigeuzia macho, akanitazama kwa muda. Nadhani hakuwa amejua ganzi yangu. Labda alikuwa amejua siku zote. "Tena," akasema. "Dul."

Mara hiyo niliketi vibaya, karibu na ukingo. Tulipoanguka, kiganja changu cha kulia kilipita godoro kikapiga saruji. Kiliwaka. Nilikiinua nikakitazama. Kilikuwa chekundu, kilipwita, na kilikuwa changu. Nikakaa nimekiinua hivyo mbele ya uso, mpaka Saumu akaniuliza, "Anti, umeumia?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Naumia."

Mwalimu alikuwa ameshaanza kugeuka. Alilalia upande wake wa kulia, akapata kiwiko, akapata goti, akashika mbao ya kitanda. Mkewe alipiga hatua, Saumu akamzuia kwa mkono. Mguu wa kushoto ulikuja nyuma kama mtoto anayevutwa dukani. Akasimama. Alisimama muda mfupi, akitetemeka, mkono kitandani, kisha akaketi kwa uzito.

"Kesho njooni mapema," akasema. "Na lile turubai lipanguseni, lina vumbi."

Tulikwenda kesho yake, na nyingine. Bado tunakwenda.

Sasa wewe, msikilizaji wangu, umekaa muda mrefu. Tandika godoro sakafuni, au blanketi nene lililokunjwa, mbali na meza na ukingo wa kitanda. Keti, kunja magoti. Weka kidevu kifuani kama umebana embe. Jiachie nyuma polepole, na mgongo ukigusa chini, piga kwa viganja vyote viwili na utoe pumzi. Lala kidogo. Kisha geukia upande wako wenye nguvu, weka kiwiko, weka goti, na uinuke.